Mgongo Usioinama

"Mji mzima hakuna mwenye mgongo ulionyooka kama wangu," alisema Bi Somoe, "ingawa wangu umenyooshwa kwa vyuma."

Hapo alisema kweli. Tangu usichana alipinda kama mundu, mpaka alipopasuliwa. Leo Kombo, anayekuja kumfanyisha mazoezi, ndiye wa kuamua kama atavuliwa ule mkanda mgumu aliovishwa baada ya kupasuliwa, unaombana kama kamba ya mzigo wa kuni.

Bi Somoe alitembea sebule nzima bila kushika ukuta, kidevu juu, kama bibi harusi.

"Maashallah! Na hujainama? Aliyeinama simvui."

"Niiname mie, mwanangu? Hata kanga ikianguka naiacha hapo hapo."

Akamkaribisha wali wa nazi. Kombo akaonja, akafumba macho kwa utamu.

"Nazi kakuna nani?"

"Jirani, Mungu amjaze kheri."

Kombo alikuwa ameshaushika mkanda aufungue, jirani akapiga hodi.

"Bi Somoe! Kama umeshakuna nazi yako, nirudishie mbuzi yangu."

Bi Somoe akasimama wima kuliko siku zote. Magotini, chembe nyeupe za nazi zikaanza kudondoka kutoka kwenye gauni, moja moja.