Faraji na Faraja

Machimbo ya mawe yaliporomoka asubuhi, yakawafukia vijana wawili, Faraji na Faraja. Mmoja alitolewa hai, akakimbizwa hospitali ya mbali. Mwingine alilazwa mochwari, uso hautambuliki.

Tausi, dada yake Faraji, aliingia na mama yao, ambaye hakujua kusoma. Mhudumu alikuwa amenakili jina kutoka kitambulisho cha marehemu kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye kidole cha mguu.

"Nisomee, mwanangu," mama alisema. "Polepole."

Chuoni, Tausi alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuandika programu za kompyuta. Juzi alifundishwa namna mashine inavyolinganisha maneno mawili, herufi kwa herufi tangu mwanzo. Ikikuta moja tu inayotofautiana, basi hayo ni maneno mawili mbalimbali.

"F," alisoma. "A. R. A. J."



"Zimebaki ngapi?"

"Moja, mama."

Alikuwa ameshaiona. Aliifunika kwa kidole gumba, akabaki ameinama, baridi ya ule mguu ikimpanda mkononi.

"Endelea basi," mama alisema, akasogea karibu.