Wateja wa Kunguru

Bi Nungunungu aliuza viazi vikuu vya kuchoma, na kila aliyemletea mteja alimpa kipande. Kasuku aliruka hadi bonde la pili kuwaita wanyama. Kunguru yeye alikaa juu ya paa, na kila hodi ilipopigwa alipaza sauti, "Huyo nimemleta mimi!" Akanenepa, Kasuku akashinda njaa, na Bi Nungunungu akachoka kubishana.

Siku moja hodi ikapigwa.

"Huyo nimemleta mimi!"

"Kunguru! Huyo ni mume wangu, anarudi kwake!"

"Basi mimi ndiye niliyemwonyesha njia, Bi."

Bi Nungunungu akasimamisha miiba, Kunguru akaruka. Kisha Bi Nungunungu akamwomba Kasuku radhi, na tangu hapo akawa anamuuliza kila mteja mlangoni, "Nani kakuelekeza?"

Hakuna hata mmoja aliyemtaja Kunguru.