Marahaba ya Hoza

Tangu sheria iruhusu kila ukoo kumzaa upya marehemu wake mmoja, watu wa Lushoto walikuwa wameshazoea. Hidaya alimzaa baba yake mzazi, Mzee Hoza, kutokana na chembe za mwili alizoziacha hospitali. Sasa Hoza ana miaka sita.

Salehe, kaka yake Hidaya, alipinga mpaka mwisho. "Mtu si mgomba," alisema, "useme unang'oa chipukizi unapanda pengine. Huyo atakuwa nani yako?"

"Atakuwa mwanangu," alijibu Hidaya, wala hakujuta. Mtoto alikuwa mtundu, mwenye afya, mpenzi wa matunda damu, yale mekundu ya milimani. Wataalamu walisema hatakumbuka lolote la mzee, na kweli hakukumbuka. Nyumba ilichangamka tena, na hata Salehe siku hizi akija humbeba mgongoni.

Asubuhi moja ya baridi kali, Hidaya alikuwa jikoni akikoroga uji, ameupa mlango mgongo. Akasikia mtu akikohoa pale mlangoni, kile kikohozi kifupi cha kubisha hodi alichokisikia utoto wake wote. Kabla hajawaza, alishapiga goti, mwiko mkononi.

"Shikamoo, baba."

Alipogeuka na kumwona mtoto, kicheko kilimjia. Alitaka kumwambia kwamba mtoto ndiye wa kumwamkia mama.

"Marahaba, mwanangu," alisema Hoza taratibu, akavuta kigoda karibu na moto, akakaa.

Hidaya akapakua uji, akaanza na bakuli la Hoza, kama enzi za mzee.