Nguzo ya Tatu

Nguzo ya tatu ilivunjwa asubuhi, kwa brashi ya manyoya na rangi ya maji.

Amos Tuddle, mwashi, alisimama nyuma ya mchoraji akitazama. Hekalu la Kirumi alilolijenga kando ya ziwa, katika bustani ya Sir Everard, lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Kwenye karatasi lilikwisha kuwa gofu: paa limeporomoka, nguzo tatu zimekatika, mimea inatambaa juu ya mawe.

"Hiyo iache, bwana," Amos alisema. "Mbili zinatosha. Chini ya hiyo nimechonga jina la Silas."

Silas, mwanawe wa pekee, alianguka kutoka jukwaani siku walipoisimamisha. Hakuinuka tena.

Bwana Orrell, yule mchoraji, hakugeuka. "Mzee Tuddle, hekalu zima la nini? Siku hizi hata muuza mishumaa analo. Bwana wako anataka gofu lililouzidi ukoo wake kwa umri."

Kisha, kwenye majani chini ya nguzo, akachora mzee mdogo amelala chali.

"Na huyo ni nani?"

"Si mtu. Ni kipimo. Anaonyesha ukubwa wa mawe."

Sir Everard aliipenda picha. Habari za jina hakutaka kuzisikia.

"Mtabomoa kama ilivyochorwa," aliwaambia waashi. "Alhamisi nitakuja nayo mkononi. Nisione tofauti hata moja."

Alhamisi adhuhuri ilibaki nguzo moja tu ya kuvunja, ile ya tatu. Amos aliwaomba wenzake wamwachie.

"Nendeni mkale. Hii niliisimamisha na mwanangu."

"Usiishie kuibusu, babu," mmoja alimtania. "Ivunje."

Wakaenda ng'ambo ya ziwa na mkate na jibini yao. Kutoka huko walisikia nyundo ikigonga polepole, ikinyamaza, ikigonga tena. Halafu mshindo mmoja mzito, na bata wakaruka majini. Wakaendelea kula, kazi imekwisha.

Sir Everard alifika na mchoraji muda mfupi baadaye. Alisimamisha farasi juu ya kilima, mahali picha ilipochorewa, akainua karatasi usawa wa macho. Alihesabu nguzo. Alihesabu mawe yaliyotapakaa kwenye majani. Akatabasamu.

"Hata kipimo wamekikumbuka," alimwambia Orrell. "Ila lile jiwe walisogeze. Kwenye picha halikuwa juu yake."