Doti Moja

Kipimajoto kilipolia, nesi wa mpakani alimwonyesha Yustina upande wa mahema.

"Una homa, mama. Utakaa karantini wiki mbili. Na uliyeongozana naye atakaa pia, ndiyo sheria. Umekuja na nani?"

Kabla hajafungua mdomo, Leokadia alidakia kutoka kwenye foleni. "Mimi niko peke yangu. Huyo simjui."

Yustina alidhani ni utani. Safari yenyewe ilikuwa ya Leokadia. Mwanawe alikuwa anaoa ng'ambo ya mpaka, na Leokadia alimbembeleza Yustina wiki nzima: "Nisindikize, da Yusta. Safari ya peke yangu naiogopa." Asubuhi ile walikuwa wamegawana doti moja ya kanga, kila mmoja akajifunga kipande chake.

Nesi alitazama kanga ya huyu, akatazama ya yule. Maua yaleyale mekundu.

"Kanga hizi ziko kila soko, mwanangu," Leokadia alisema, akicheka bila kumwangalia mtu.

"Mama," nesi alimuuliza Yustina taratibu, "unamjua huyu?"

Yustina alifumba macho. Alimwomba Mungu ampe neno lisilo na hasira, akangoja, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Simjui," alisema. "Mwacheni apite, asije akachelewa harusi ya mwanawe."

Nesi alibaki ameshika kizuizi, hajakiinua wala hajakiachia, na Leokadia, kwa mara ya kwanza, akageuka kumtazama Yustina.