Ngoma ya Punda Mstaafu

"Laki mbili za kiinua mgongo changu umekula, Fisi, ngoma iko wapi?" Punda alifoka. Tangu astaafu kubeba maji, kukaa bure kulimchosha kuliko madebe. Alitaka kujifunza ngoma na Majivu, punda mwenzake waliyestaafu pamoja.

"Punguza hasira, mzee wangu. Ngozi nzuri haiokotwi," Fisi alicheka, akaitoa ngoma guniani. "Haya, piga tukusikie."

Punda aliinua ukwato, akaushusha polepole. Kwenye ngozi ile aliliona kovu la kamba ya madebe, lile alilokuwa akimlamba Majivu kila jioni.

"Mbona hupigi? Si pesa yako hiyo?"

"Pesa baki nayo," Punda alisema. "Nirudishie Majivu."