Kura ya Jiko Langu

Siku hizi mkoa haupangi tena ardhi. Tunapanga wenyewe, kila nyumba kumi kivyao, kwa kura ya dole gumba siku ya Ijumaa. Kura ikipita, kibao cha mlangoni hubadilika rangi, na maji na umeme hujikata vyenyewe kabla hujamaliza chai.

Ijumaa hii wamependekeza kiwanja changu kiwe njia ya kisimani. Njia hiyo inapita katikati ya jiko langu.

Wiki nzima nimewapelekea majirani maandazi. Zamoyoni wa nyumba ya tatu, ambaye watoto wake wawili niliwapokea mimi kwa mikono hii, alikula manne akanicheka.

“Bibi Chausiku, unatuhonga kwa maandazi ya jana? Tulia bibi yangu. Nani atakutoa hapa?”

Basi nikatulia kidogo.

Leo Alhamisi asubuhi nilikuwa nakoroga uji, mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia Zamoyoni na ndoo kichwani, hakupiga hodi. Akapita kati yangu na kabati, akafungua mlango wa nyuma.

“Shikamoo bibi,” akasema bila kusimama. “Kumbe huku ni karibu hivi.”

Nyuma yake walikuja wengine wawili, nao hawakupiga hodi.